Mvi zimegeuka rangi ya chungwa baada ya kupaka hina: je, ipo njia ya mimea inayotoa weusi?

Mama wa Tabata aliuliza:

Habari za jioni wapendwa. Nina umri wa miaka 46 na mvi zangu zimejikusanya mbele, kuanzia kwenye paji la uso hadi juu kidogo ya masikio, mahali ambapo hata kilemba hakizifichi vizuri. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipaka piko ya unga, ile ambayo hukorogwa kwa maji na kuoshwa baada ya nusu saa, lakini mara ya mwisho kichwa kiliwasha usiku kucha na asubuhi niliamka masikio yamevimba na yanatoa majimaji. Nimeapa kutoirudia.

Tangu hapo nimejaribu vitu viwili. Kwanza nilichemsha majani ya chai hadi maji yakawa mazito, nikasuuzia nywele siku nne mfululizo. Rangi yote ilihamia kwenye foronya, na mvi zikabaki na umanjano kama wa gazeti la zamani. Kisha nilinunua unga wa hina Kariakoo, nikaukoroga kwa ndimu na kukaa nao kichwani saa tatu. Nywele nyeusi zilipata mng'ao mwekundu ambao kwa kweli niliupenda, ila mvi ziligeuka rangi ya chungwa kiasi kwamba kitinda mimba wangu aliniuliza nimeungua na nini. Mwezi ujao binti wa dada yangu anaolewa, na mimi ndiye nitakayekaa mbele. Naomba msaada kwa anayejua. Niongeze kwamba nyumbani tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na nywele zangu zina dawa.

Bibi wa Upanga alijibu:

Pole sana mwanangu. Hukukosea popote, hina imefanya kazi yake yote. Jani la hina lina rangi moja tu, nyekundu inayoelekea uchungwa, nayo haiondoi rangi iliyopo bali hutanda juu yake kama mtandio mwepesi. Ukiutandika mtandio huo juu ya nguo nyeusi hauonekani sana, na ukiutandika juu ya nyeupe unaonekana wote. Kwa hiyo mtu akikuuzia hina akakuambia kwamba inatoa weusi peke yake, ama hajui anachouza, ama kuna kitu kingine ndani ya pakiti.

Anayetaka weusi huifuatishia hina jani la pili, nalo ni nili. Ulizia unga wa nili ya nywele kwenye maduka ya dawa za Kihindi, Kisutu au Kariakoo, wala usikubali kupewa ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, kwa sababu hicho ni kitu tofauti kabisa na hakina kazi kichwani. Unga mzuri wa nili ni wa kijani, si mweusi wala si wa buluu. Rangi ya buluu imo ndani ya jani na hujitokeza baadaye, inapokutana na hewa.

Hina ikoroge kwa maji ya uvuguvugu na ndimu hadi iwe kama uji mzito, uifunike na kuiacha. Vitabu vingi husema iachwe usiku kucha, lakini kwa joto letu la Dar saa nne hadi sita zinatosha. Utajua iko tayari pale uso wake utakapogeuka kahawia huku chini ukiwa bado kijani. Weka tone kiganjani kwa dakika tano. Likiacha doa la chungwa, paka. Kaa nayo saa tatu, uoshe kwa maji matupu hadi chembe zote zitoke. Chembe za hina zikibaki ndani ya nywele, nili haishiki hapo, na utaonekana una mabaka.

Nili, kwa upande wake, haitaki kungojewa, na hapa ndipo wengi huharibu. Ikoroge kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, bila ndimu hata tone moja, uiache dakika kumi hadi kumi na tano, kisha uipake yote mara moja, kwa kuwa ikikaa nusu saa kwenye bakuli nguvu yake huwa imeanza kupotea. Vaa glavu, paka mafuta ya mgando kwenye ukingo wa paji na masikio, kisha funika kwa kofia ya plastiki ya saluni (sisi wazee tulikuwa tukifunga mfuko wa nailoni, lakini hiyo mifuko ilipigwa marufuku mwaka 2019). Baada ya saa moja na nusu osha, na usiguse shampuu kwa siku mbili. Siku ya kwanza utaona ukijani na utanilaani. Subiri.

Kuhusu maji, tumia ya bomba, au ya chupa kwa kukorogea tu. Kuhusu dawa ya nywele, mimi huacha walau wiki mbili kati ya dawa na rangi, yoyote itakayotangulia.

Mfamasia wa Mbagala alijibu:

Shikamoo Bibi, maelezo yako yamejitosheleza. Nitaongeza kuhusu masikio yaliyovimba, kwa sababu muulizaji ameyataja kwa kupita na mimi naona ndiyo sehemu nzito zaidi. Piko na bidhaa nyingi zinazoitwa hina nyeusi hupata weusi wake kutokana na kemikali ya viwandani ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa herufi PPD au kwa jina lake refu linaloishia na *phenylenediamine*. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kiasi chake kichwani hakiruhusiwi kuzidi asilimia 2, ilhali kwenye unga unaopimwa kwa kijiko sokoni hakuna anayejua kiasi kilichomo. Mtu anaweza kuitumia kwa miaka bila shida, kisha siku moja mwili ukaikataa, na ukishaikataa huwa haurudi nyuma: mara inayofuata huwa kali zaidi, na uso ukivimba au pumzi ikibana, hilo ni jambo la kukimbilia hospitali.

Kwa hiyo dada, hakikisha kwamba hina na nili utakazonunua hazina kitu hicho. Unga unaoahidi weusi ndani ya nusu saa uuache dukani. Hata ulio safi, paka kidogo nyuma ya sikio na usubiri saa 48, maana mmea nao unaweza kumdhuru mtu. Tafadhali pia msiwapake hina watoto wachanga, kwani wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao si haba katika pwani yetu, na hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao.

Mzee wa Magomeni alijibu:

Mimi hupaka ndevu. Sisi Waislamu tumepokea kwamba siku Makka ilipofunguliwa, baba yake Abubakar aliletwa kichwa kikiwa cheupe kabisa, na Mtume akaamuru mvi zibadilishwe ila weusi uepukwe. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu uzito wa katazo hilo, nami simhukumu mtu. Ninachotaka kusema ni kwamba zipo rangi kati ya chungwa na weusi. Ninachanganya hina iliyokwisha kuiva na nili iliyokorogwa papo hapo, nusu kwa nusu, na kupaka mara moja tu, nami hupata rangi ya kahawa iliyokoza, isiyopiga kelele hata mvi mpya zinapochomoza. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na mwenye weusi mtupu huumbuka mapema.

Mama wa Tabata alirudi:

Asanteni nyote, Bibi, shikamoo na nashukuru sana. Nilikusanya mvi zilizobaki kwenye chanuo, nikazifunga kwa uzi mafungu mawili. Fungu la kwanza, la hina kisha nili, jioni lilikuwa kijani kama maji ya mlenda na nikakata tamaa, lakini kesho yake mchana lilikuwa jeusi. Fungu la Mzee limetoka kahawia, na nikiliweka juu ya nywele zangu halionekani kama rangi ya kupaka. Nimechagua hilo. Nyuma ya sikio hapajawasha hadi leo, siku ya tatu. Nitapaka Jumamosi, na zamu ya dawa nimeisogeza hadi baada ya harusi.