Mrejesho: Msongo wa mawazo nyumbani na ushauri wa Yethro

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliomba ushauri kuhusu msongo wa mawazo unaotokana na kazi, malezi na huduma ya kwaya, nanyi mkanijibu kwa upendo, asanteni sana. Kilichotusaidia zaidi ni kusoma pamoja Kutoka 18 katika Biblia, ambapo Yethro, baba mkwe wa Musa, anamwonya Musa kwamba kazi ile ya kuwaamua watu ni nzito mno kwake peke yake, agawane na wengine: sasa mume wangu huwaandaa watoto asubuhi, na binti yetu mkubwa hupanga sare na madaftari kabla ya sala ya jioni. Kuamka alfajiri kusali kumenishinda, kwa kuwa mdogo bado ananyonya usiku, hivyo nasali kwenye daladala. Hasira zimepungua sana, ingawa ada zinapodaiwa wasiwasi hunirudia.