Huu ni mkono wa mama yangu, si katoni ya sabuni! Sparadra za dializi zinamchuna ngozi

Jamani habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya, sijawahi kufungua uzi, ila leo nina hasira. Mkiona nimepayuka mnisamehe mapema.

Naandika kutoka Lubumbashi, tunakaa komine (manispaa) ya Kenya. (Ninyi wa Nairobi msichanganyikiwe, kwetu Kenya ni komine na ina soko lake.) Mama ana miaka 61, figo zake ziliuliwa na presha, na huu ni mwaka wa pili anasafishwa damu kwa mashine, ndiyo hiyo dializi. Dokta anasema mara tatu kwa wiki, saa nne kila kikao. Mfuko wetu unasema mara mbili. Hilo nitalifungulia uzi wake siku nikiwa na nguvu.

Uzi huu ni wa sparadra. Ninyi wa Dar mnaiita plasta. Sisemi ile ndogo ya kidonda cha kidole, nasema ile ya roli, nyeupe, ya kitambaa, ambayo mkasi ukipotea watu wanaikata kwa meno. Ndiyo inayoshikilia sindano mbili nene mkononi mwa mama kwa saa nne.

Jumanne iliyopita kikao kimeisha, damu imerudishwa mwilini, mashine inalia. Anakuja kijana wa zamu, simu ameibana kati ya sikio na bega, anaongea na mtu habari za tairi. Akashika ncha ya sparadra, akaiinua wima, akavuta kwa mkupuo mmoja. Vraap! Na sindano bado imo ndani ya mshipa!

Ngozi ikaja nayo. Niliiona kwa macho yangu: upande wa gundi umeshika utando mwembamba, kama ule unaokaa juu ya maziwa yakipoa, na mkononi pamebaki pabichi, panang'aa majimaji, ukubwa wa kidole gumba changu. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwana wangu, pole-pole." Kijana akamjibu bila hata kumtazama: "Mama, ngozi yako njo mubaya. Unapakalaka mafuta gani?" Halafu akamuuliza, kwa sauti ya kusikiwa na chumba kizima, kama anajichubua.

Mama yangu! Mwanamke aliyewatandika dada zangu wawili kwa kopo moja la krimu alilolikuta chini ya godoro!

Sasa nikubali jambo moja, maana sitaki kuonekana mjinga. Swali lenyewe lina maana. Krimu nyingi za kujichubua zinazopangwa sokoni zina dawa za jamii ya kotizoni, na mtu akizipaka miaka mingi ngozi inabaki kama karatasi ya kufungia maandazi. Muuguzi ana haki ya kujua. Lakini swali hilo linaulizwa siku ya kwanza, kwa sauti ya chini, kabla ya kubandika chochote. Kulirusha baada ya kumchuna mtu, mbele ya wagonjwa wenzake watano, ni kumtafutia kosa aliyeumia.

Na jibu la "ngozi mbovu" ndilo linaloniudhi kuliko kidonda chenyewe. Kwani kuna mgonjwa wa figo mwenye ngozi nzuri? Figo zikifa ngozi inakauka, tezi za jasho na za mafuta zinanyauka, fosfati inapanda kwenye damu, mtu anawashwa mpaka anajikwaruza usingizini. Juu ya hapo anapewa heparini ili damu isigande mashineni, kwa hiyo akiguswa vibaya kidogo anavia damu. Wao ndio walitufundisha haya yote, kwa mchoro ubaoni. Sasa anayejua kwamba ngozi ni dhaifu ndiye anayevuta kama anafungua katoni?

Kibaya zaidi, dawa yake naijua na haina bei. Kuna mama mmoja muuguzi, wa zamu ya Ijumaa, mtu mzima, anavaa miwani ya kamba. Huyo akibandika sparadra anakunja ncha yake kidogo, nusu sentimita hivi, gundi kwa gundi, ili baadaye apate pa kushikia bila kuchokoa kwa kucha. Wakati wa kutoa analowesha kompresi, kile kitambaa cha shashi cha kufungia vidonda, kwa maji, anailaza juu ya sparadra, anasubiri huku anamuuliza mama habari za wajukuu. Kisha vidole viwili vya mkono mmoja vinakandamiza ngozi, mkono wa pili unakunja sparadra irudi nyuma yenyewe juu yake, chini-chini, sambamba na ngozi, ikifuata upande vinyweleo vinakolalia. Haiinui juu hata kidogo. Anachobandua ni gundi kutoka kwenye ngozi. Yule wa tairi anabandua ngozi kutoka kwa mama. Nilimpima kwa saa ya simu: dakika moja na nusu kwa sindano zote mbili.

Dakika moja na nusu, jamani! Sparadra tunanunua wenyewe duka la dawa, kompresi tunanunua wenyewe, glavu tunanunua wenyewe. Kitu pekee tunachoomba bure ni dakika moja na nusu.

Nikaenda kwa mkubwa wao. Aliupokea mkono wa mama, akaugeuza, akasema, "Sioni wekundu." Bwana mkubwa, huu ni mkono mweusi! Utauona wapi wekundu wa kwenye vitabu vyenu? Kwetu ngozi iliyokasirika inakuwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, inavimba kidogo, inang'aa, inakuwa ya moto ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Ikipona inaacha baka. Mama ana mabaka manne yaliyonyooka kama rula, upana uleule wa sparadra, na mtu wa elimu yake anasema haoni kitu.

Halafu akanipa ile hadithi ya kila siku: wagonjwa wengi, mashine chache, zamu ya pili inasubiri barazani. Ni kweli, na zamu ya pili nawajua, tunasalimiana. Ila nimwulize hapa, kwa kuwa pale alininyima nafasi: huyo aliyechunwa akirudi na usaha, mtatumia dakika ngapi? Ngozi iliyobanduka ni mlango uliofunguliwa. Vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi ya kila mtu, stafilokokasi na wenzake, vinasubiri mlango huohuo, na hapa mlango uko sentimita mbili kutoka mshipa unaochomwa sindano kila kikao. Pakiingia uambukizo, hapo hapachomwi tena. Fistula ikiharibika, mama anarudi kwenye mpira wa kupitishia damu shingoni, ule aliokaa nao miezi mitano akiogopa hata kuoga.

Ambaye hajui fistula: ni mshipa wa ateri uliounganishwa na wa veni ili damu ipite kwa nguvu. Ukiweka kiganja unasikia unatetemeka kama paka aliyeshiba. Mama kila asubuhi, kabla ya chai, anauweka mkono sikioni ausikilize kama bado unanguruma. Huo ndio mkono tunaouzungumzia.

Na kosa halianzi kwenye kutoa tu. Siku hizi nakaa karibu, naangalia kubandika kwao. Wanapaka dawa ya kuua vijidudu, haijakauka, wanabandika juu yake. Ule unyevu unabaki umefungiwa chini saa nne unaila ngozi. Au wanavuta sparadra ikakazika kama uzi wa gita, ndipo wanaibandika. Sparadra iliyovutwa inataka kurudi ilivyokuwa, na inarudi na ngozi. Malengelenge ya mama yanatokea pembeni kabisa, kwenye ncha mbili, ndiyo sababu. Inatakiwa kulazwa bila kukazwa, halafu inakandwa kwa kidole. Na sisi pia tulikuwa na dhambi yetu: mama alikuwa anajipaka mafuta asubuhi ya kikao ili awe nadhifu, sparadra haishiki, basi wanaongeza ya pili na ya tatu. Sasa anaosha mkono kwa sabuni na maji, anakausha vizuri, na mafuta anapaka usiku baada ya kikao, mbali na matundu ya sindano.

Tumejaribu na nyingine. Ya karatasi ni ya upole lakini jasho likitoka inajiachia, na Oktoba ya Lubumbashi mnaijua. Shemeji alituletea kutoka Lusaka roli moja ya gundi ya silikoni, inabanduka kama inaomba ruhusa. Yule mama wa Ijumaa akaipenda, akasema ataitumia kufunga kompresi baada ya sindano kutoka, ila sindano zenyewe hatazikabidhi kwa kitu chenye huruma namna hiyo. Nilimwelewa. Kuna pia maji fulani ya kinga, yanapakwa yanakauka yanakuwa utando, sparadra inashika utando badala ya ngozi. Ni muhimu kusubiri yakauke kabisa. Hayo hapa mjini nimeyatafuta maduka sita nikaambiwa "rudi wiki ijayo". Mwenye kujua yanapopatikana, hata Kasumbalesa mpakani, aniambie, nauli naitafuta.

Kitu kingine kinachonitesa kichwa: kidonda kimoja kinawasha sana na umbo lake ni lilelile la sparadra, mraba kamili. Sparadra ile nyeupe ya roli, ya zinki, ina gundi ya mpira, na wapo watu ambao miili yao inaukataa mpira kabisa. Niliomba waandike kwenye faili la mama kwamba achunguzwe, ajaribiwe nyingine. Faili ninalo hapa mbele yangu. Limeandikwa "ngozi mbaya".

*

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimesoma majibu, asanteni kwa pole. Ila ndugu uliyeandika "waache sparadra, wafunge bandeji kuzunguka mkono, mambo yaishe", nakuomba usimshauri mtu hivyo. Pampu ile inazungusha karibu mililita 300 kila dakika. Mama ana kilo 52. Damu yake yote haifiki lita nne. Sindano ya kurudishia damu ikichomoka bila kuonekana, mashine inaendelea kumwaga sakafuni, na kengele yake si lazima ilie, kwa sababu presha ambayo mashine inaipima kwenye mpira wa damu inaweza isishuke vya kutosha. Ndiyo maana mkono haufunikwi na blanketi hata Juni ile ya baridi, ndiyo maana sindano lazima zibandikwe barabara. Na bandeji ya kuzunguka ikibana, damu ndani ya fistula inaganda, umeua mshipa. Sijasema hata mara moja wapunguze kubandika. Wabandike hata mara nne! Ninalalamikia kubandua.

Na wewe uliyeuliza kwa nini simtaji kijana kwa jina: kwa sababu mama amenikataza. Anasema kijana naye ana mama yake.

Ijumaa hii zamu imebadilishwa, nimeambiwa yule mama wa miwani yuko likizo. Nimeshafunga mfuko: chupa ya maji safi, kompresi pakiti moja, roli ya Lusaka. Nikimkuta kijana wa tairi, nitamwomba anipe simu yake nimshikie mpaka amalize.