Ripoti ya skana ya klasta ya Kubernetes inatisha, nianzie wapi?

podi_pweke
Wakuu, heshima zenu. Nimerithi klasta ya Kubernetes, yaani kundi la seva (nodi) zinazoendesha programu ndani ya kontena, kwa jamaa aliyehama kazi. Nimepitisha Trivy, skana ya udhaifu wa usalama, kwenye imeji zote (vifurushi ambavyo kontena huanzia) na ripoti haina mwisho, hakuna imeji iliyosalimika. Bosi anataka nipange kwa alama ya hatari ya kila udhaifu, nianze na 9.8 nishuke. Kwa haraka nimeona ingress-nginx (inayopokea maombi ya nje na kuyapeleka kwenye programu) ni 1.11.2, na runc (inayoanzisha kontena) kwenye nodi ni 1.1.9. Mengine ni maktaba za imeji za msingi ambazo sijui hata kama kuna anayezitumia. Hii ya kupanga kwa alama ni sawa?

fundi_seva
Weka ripoti pembeni, shughulika na ingress-nginx leo hii.

Hiyo 1.11.2 yako inaguswa na udhaifu CVE-2025-1974, iliyotangazwa 24 Machi 2025. Alama yake ni 9.8, kwa hiyo hapa bosi kapatia, ila kwa bahati. Kinachotisha ni namna inavyofanya kazi. Ingress-nginx ina kihakiki kinachopokea kila Ingress mpya (kanuni ya kuelekeza maombi), kinaitengenezea faili la usanidi, kisha kinalijaribu kwa `nginx -t`. Kihakiki hicho hakimuulizi anayekitumia ombi yeye ni nani. Mshambuliaji anapenyeza maelekezo yake ndani ya ombi, mathalani `ssl_engine`, na nginx inapakia maktaba aliyoipandisha mwenyewe dakika hiyohiyo. Msimbo wake unakimbia wakati wa jaribio, kabla hata Ingress haijakubaliwa. Na kwa usakinishaji wa kawaida, podi ya ingress-nginx (podi ni kontena zinazoendeshwa pamoja) inaruhusiwa kusoma Secret, yaani nenosiri na funguo, za klasta nzima. Umeelewa sasa kwa nini nakuharakisha?

zamu_ya_usiku
Mkuu, mbona unamtia presha? Mlango wa kihakiki hauko wazi intanetini. Mimi ningeanza na programu zinazoonekana na wateja.

fundi_seva
Si lazima uwe wazi intanetini. Bila NetworkPolicy (kanuni za nani aongee na nani ndani ya klasta), podi yoyote inaongea na podi yoyote. Hizo programu za wateja unazozisema, moja ikiwa na kasoro ya kudanganywa iite anwani ya ndani, mtu wa nje keshafika kwenye kihakiki. Ndiyo maana sipangi kwa alama. Najiuliza nani anaweza kukifikia kitu, na akikifikia anakuta nini ndani.

@podi_pweke, panda hadi 1.11.5 au 1.12.1. Kama leo huruhusiwi kusasisha, zima kihakiki kwa Helm (chombo cha kusakinisha programu kwenye klasta): `controller.admissionWebhooks.enabled=false`. Ukishasasisha kiwashe tena, kinasaidia kukamata Ingress mbovu. Ila hiyo ni huduma ya kwanza tu: Novemba 2025 ilitangazwa kwamba mwisho wa matunzo ya ingress-nginx ni Machi 2026. Anza kutazama mbadala wake, Gateway API.

Runc inafuata. CVE-2024-21626, kiraka kipo tangu 1.1.12 ya Januari 2024. Kontena inaweza kuanza saraka yake ya kazi kwenye `/proc/self/fd/` na kujikuta ndani ya mafaili ya nodi. Kama mnaendesha imeji za watu wengine, usilaze hii. Na kujenga imeji upya hakusaidii kitu, runc inakaa kwenye nodi.

Hizo maktaba, zilinganishe na orodha ya CISA (wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani) ya udhaifu ambao tayari unatumiwa na washambuliaji. Zisizokuwemo zisubiri mkihamia imeji nyembamba zaidi. Nyingi zitapotea zenyewe.

zamu_ya_usiku
Hapo kwenye podi kuongea na podi nimekubali. Naongezea tu: skana ikinyamaza msilale. Mlango wa nyuma uliofichwa ndani ya xz (programu ya kubana mafaili) 5.6.0 na 5.6.1, mwaka 2024, haukukamatwa na skana. Mhandisi wa programu Andres Freund aliona SSH (ya kuingia seva kwa mbali) inachelewa kidogo, akafukua.

podi_pweke
Asanteni sana. Kihakiki nimekizima, kusasisha ni usiku huu. Sasa Secret zilizomo, nizibadilishe zote au kiraka kinatosha?

fundi_seva
Kiraka hakirudishi kilichokwisha kuibwa. Una logi za ile podi za tangu Machi 2025? Kama huna, hesabu kwamba zimesomwa. Anza na nenosiri za hifadhidata na tokeni za akaunti ya wingu, halafu funguo za TLS. Na ukiwa humo, punguza ile ruhusa ya kusoma Secret za namespace (vigawanyo vya klasta) zote.