Shirika la haki za watoto limezima namba tuliyowapa watoto, na sisi tumeamriwa tusiwatafute

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa na jambo hili wiki tatu na usingizi hauji.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye shirika la kimataifa la haki za watoto, huku Kanda ya Ziwa. Shirika silitaji, na wilaya siitaji, maana ndani ya habari hii kuna watoto, na nikitaja wilaya tu watu wa kule watajua nazungumzia binti wa nani. Nilikuwa afisa ulinzi wa mtoto. Asubuhi nawasha pikipiki ya mradi, naenda kwenye shule za kata tatu, nakaa na walimu, namfuata mtendaji wa kijiji, namrudia Afisa Ustawi wa Jamii, nashinda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto nikisubiri PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ya mtoto ijazwe. Mimba za wanafunzi, ndoa za utotoni, vipigo, watoto waliopelekwa mashimoni kuchekecha mchanga wa dhahabu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Kila shule tulibandika bango lenye namba ya simu. Laini ile niliishika mimi. Niliwaambia watoto kwa mdomo wangu, walimu wao wakisikia: piga saa yoyote, hata usiku wa manane, ukibipu tu nitakupigia. Na walipiga. Najua kuna 116, namba ya taifa ya huduma kwa mtoto, na ni ya bure. Hata hiyo tuliwafundisha. Lakini mtoto wa kijijini anayeiba dakika mbili kwenye simu ya shangazi yake anamtafuta mtu aliyewahi kumwona uso.

Januari 20, 2025, rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mradi wetu ulikuwa unakula fedha hizo. Siku chache baadaye ikaja barua: simamisheni kazi zote. Machi 10 waziri wao wa mambo ya nje akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa, na wetu umo. Hapo simlaumu mkurugenzi wetu, fedha hakuzikata yeye.

Ninacholaumu ni walichofanya wenyewe baada ya hapo, ambacho hakuna Mmarekani aliyewalazimisha.

Tuliitwa kwenye kikao cha mtandaoni. Dakika 25. Meneja akasoma karatasi, mtu wa utumishi akasoma nyingine, tukaambiwa ifikapo Ijumaa turudishe pikipiki, kompyuta, vishikwambi, simu na laini. Nikauliza: laini ya watoto anakabidhiwa nani? Kimya. Nikarudia. Nikajibiwa kwamba laini ni mali ya mradi na mradi umefungwa. Nikaomba basi apewe Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, hata leo hii jioni namfikishia mwenyewe, vocha nitanunua mimi. Wakasema ndani ya simu kuna taarifa za siri za watoto, haziwezi kutoka nje ya shirika. Nikasema simu bakini nayo, nipeni laini peke yake. Wakasema suala litapelekwa makao makuu. Mpaka ninapoandika hapa halijarudi. Laini iko kwenye kabati la stoo mjini, imezimwa, na mabango bado yamebandikwa ukutani kwenye shule zote zile.

Kisha ikaja barua pepe ya mwisho, yenye lugha nzuri sana. Kwa mujibu wa sera ya ulinzi wa mtoto, mfanyakazi ambaye mkataba wake umekoma haruhusiwi kuwasiliana na wanufaika. Nimeisoma mara nyingi mno. Sera hiyo nimeifundisha mimi mwenyewe kwenye semina, naijua inakotoka: kuna watu waliingia kwenye mashirika haya ili wawafikie watoto na kuwaharibu, na ni haki kabisa kuwazuia. Lakini sera hiyo inamtaka pia kila anayefunga mradi akabidhi mashauri ya watoto kwa mamlaka, moja baada ya jingine, kwa maandishi. Nilikuwa na mashauri 31 yaliyo wazi. Hakuna hata moja lililokabidhiwa. Sehemu ya kutufunga midomo wameikumbuka, sehemu ya kumlinda mtoto wameiruka.

Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasemaje? Kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kila mwanajamii. Hakisemi mwenye mkataba hai na shirika.

Sasa niwaeleze kilichonitoa machozi.

Kuna binti wa miaka 14, darasa la saba. Alitolewa mahari ya ng'ombe 12, akatoroka usiku kabla ya kuchukuliwa, akatembea mpaka kwa mwalimu wake, mwalimu akapiga namba ya bango. Muoaji alikamatwa na kesi ikafunguliwa. Mnajua tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumuoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, kwa hiyo upande wa pili wana kila sababu ya kutaka yaishe kimyakimya. Na mnajua kesi hizi zinavyokufa. Shahidi hafiki, kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, huku wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti wanapangiana ng'ombe, na mwisho mtoto anaambiwa akifika mbele ya hakimu aseme hamjui yule mwanaume. Kilichoifanya kesi hii isimame ni nauli. Sh 24,000 kwa yeye na bibi yake, bodaboda mpaka lami, kisha kosta mpaka wilayani. Mradi ulikuwa unalipa.

Wiki iliyopita mama mmoja mhudumu wa jamii, anayejitolea na hana hata mshahara, alinipigia kwa simu yake binafsi. "Baba, yule mtoto amekutafuta mara nne, namba haipatikani. Ameniuliza, kwani yule afisa naye wamempa ng'ombe?"

Mara nne, wakuu. Mtoto wa miaka 14 ameamini nimenunuliwa.

Na picha zake wanazo. Sura haionekani, amepigwa kwa nyuma akiwa na sare, lakini ni yeye, mkoba ule nauona. Iko kwenye ripoti ya mwaka jana kama hadithi ya mafanikio. Niliiandika mimi. Kila robo mwaka tulitakiwa kutuma hadithi mbili, na tukichelewa tunakumbushwa siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Swali la laini lina wiki tatu.

Kuhusu ajira yangu nasema kwa kifupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kifungu cha 38 inataka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao. Kusomewa karatasi dakika 25 hakuitwi kushauriana. CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, nitakwenda ndani ya zile siku 30 za kufungua lalamiko, na wenzangu tisa tunakwenda pamoja.

Ila lile la watoto halina CMA. Naomba msaada wa mawazo kwa wanasheria na watu wa ustawi mliomo humu: nikipeleka orodha ya mashauri yote 31 kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kwa barua, nikitumia kifungu cha 95, shirika linaweza kunishtaki kwa kutoa siri? Majina nimeyashika kichwani, sikutoka na karatasi hata moja.

Kesi ya binti inaitwa Jumanne. Nauli nimeshamtumia bibi yake jana usiku. Kama hilo ni kosa la kisera, basi wajue nimelifanya.