Swift Sport ZC31S inakunywa mafuta balaa: niweke petroli gani, au nifunge gesi?

Kijana wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni.

Nina Suzuki Swift Sport ZC31S ya 2007, injini M16A cc 1600, manyuo ya gia tano. Ilitoka Japani, mimi nimeichukua kwa mtu hapa hapa Dar. Kutembea sina malalamiko, inashika barabara na gia zinaingia laini. Kilio changu ni mafuta. Njia yangu ni Tegeta–Posta na kurudi, foleni ya Mwenge mnaijua. Nilijaza mpaka pampu ikakata, nikatembea kilomita 290, nikarudi pampu ile ile: lita 33. Hata kilomita 9 kwa lita haifiki. Jirani yangu ana Swift ya kawaida, njia hiyo hiyo, anatamba na 13.

Ndani ya mfuniko wa tangi kuna kibandiko cha Kijapani. Simu ikanitafsiria kwamba gari inataka petroli ya premiamu. Fundi wangu akadakia hapo hapo: "Ndiyo maana inakula, unailisha kisicho chake." Anataka niwe namimina chupa ya kuongeza okteni kila nikijaza. Mwingine anasema nitoe masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzozi. Shemeji yangu anasema nifunge gesi niachane na habari za petroli kabisa.

Mliowahi kuimiliki au kuifungua hii gari, nisaidieni. Lita ikizunguka karibu elfu tatu, siwezi kubahatisha.

Dalali Mstaafu

Mkuu umenunua gari la kukimbia halafu unahesabu matone? Uza, chukua Passo.

Spana 17

Dalali acha utani, mtu ameuliza vizuri.

Mkuu, tuanze na hicho kibandiko maana kimewatisha wengi. Vituo vya Japani vinauza petroli za aina mbili. Kuna regula, ambayo viwango vyao vinataka isishuke chini ya RON 89 (RON ni kipimo cha okteni), na kuna premiamu wanayoiita haioku, isiyoshuka chini ya 96, ambayo kwa kawaida inauzwa ikiwa kati ya 98 na 100. Ya katikati hawana. Sasa Suzuki ametengeneza injini yenye mgandamizo wa 11.1 kwa 1, yaani inabana sana hewa na petroli kabla ya cheche, ameona regula haitoshi, atabandika nini? Premiamu, maana ndiyo iliyobaki. Injini hiyo hiyo, nguvu farasi 125 zile zile, iliuzwa Ulaya na kule inatembelea 95 ya kawaida. Petroli yetu ya kawaida iko juu ya regula ya Japani na chini ya haioku yao. Haujailisha sumu.

Halafu watu wanaichukulia okteni kama sukari, kwamba ikizidi ndiyo mafuta yanakuwa na nguvu. Okteni inapima tu petroli inavumilia kubanwa kiasi gani kabla haijalipuka yenyewe bila kusubiri cheche ya plagi. Ikilipuka mapema injini inagonga. Ukipanda mlima kwa gia kubwa na umekanyaga, utasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. M16A ina sensa inayosikia huo mlio, na kompyuta inachelewesha cheche mpaka uishe. Cheche ikichelewa unapoteza nguvu kidogo na mafuta kidogo. Nasema kidogo. Haiwezi kuitoa gari kwenye 12 ikaishusha mpaka 8 na nusu.

Kwa hiyo kuna kitu kingine kinakula. Nijibu haya: injini ikiwa imechemka vizuri, joto linasoma ngapi? Oili gani ipo ndani? Tairi saizi gani na upepo kiasi gani? Plagi zilibadilishwa lini, na ni za iridiamu au zile za bei chee? Na muhimu kuliko yote, thamostati ipo, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto?

Kijana wa Tegeta

Asante mkuu Spana. Oili niliikuta, kibandiko cha gereji kinasema 20W-50. Rimu ni za inchi 17, siyo zake, aliyeniuzia alizibadilisha. Mengine sijui. Thamostati unaijuaje kama ipo bila kufungua?

Spana 17

20W-50, oili nzito hivyo, kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 nyepesi! Haya.

Tafuta kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani kikasoma kwenye simu. Tembea barabara iliyo wazi dakika ishirini, uangalie joto la maji. Likitulia kwenye 85 mpaka 95, thamostati ipo na inafanya kazi. Ukiona limeganda kwenye 60 na kitu au 70, na likizidi kushuka kadiri unavyokimbia, basi imetolewa, au imekwama ikiwa wazi.

Huu ni ugonjwa wa gereji zetu. Gari ikichemsha mara moja, badala ya kutafuta feni iliyokufa au rejeta iliyoziba, thamostati inang'olewa na kutupwa, "huku kwetu joto, haina kazi." Kazi inayo. Bila hiyo maji yanazunguka muda wote na injini haifikii joto lake. Kompyuta inaona injini bado ya baridi, kwa hiyo inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama vile ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Na hiyo oili nzito kwenye injini isiyochemka ni mzigo juu ya mzigo.

Mama Runx

Nisalimie kwanza, shikamooni wakubwa. Mimi nina Toyota Runx Z, ile ya injini ya 2ZZ yenye gia sita, mgandamizo 11.5, nayo kibandiko ni premiamu. Naiendesha kwa petroli ya kawaida miaka yote na haijawahi kugonga, ila nina adabu nayo: siikanyagi kwenye mzunguko wa chini nikiwa gia ya tano au ya sita. Hapo ndipo injini hizi zinapogonga, siyo kwenye mwendo kasi kama watu wanavyodhani. Shusha gia, iache izunguke.

Na hizo rimu za 17 zirudishe. Gari yako ilitoka na 195/50 inchi 16. Rimu kubwa nzito kwenye foleni unailipia kila ukiondoka. Halafu kama tairi mpya ina kimo tofauti, hata kilomita unazohesabu zinadanganya, labda hali yako ni nzuri kuliko unavyofikiri, au mbaya zaidi!

Thika Road

Sasa watu wa Bongo. Huku Nairobi tuna bahati kidogo, vituo vingine vina petroli ya bei ya juu kando ya ile ya kawaida, kwa hivyo unaweza kujaribu mwenyewe. Nina Golf GTI ya Mk5, 2.0 ya tabo (turbo, inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini). Kiwanda kinataka 98, lakini kinaruhusu 95 ukikubali kupoteza nguvu kidogo. Kwa tabo mimi huweka hiyo ya bei ya juu bila kujiuliza, kwa sababu tabo ikigonga ukiwa umekanyaga, pistoni inaweza kwenda. Lakini kwa Swift isiyo na tabo, nikupe ukweli, ile tofauti ya bei hautairudisha kwa kilomita. Nilikuwa na gari ndogo isiyo na tabo kabla ya hii, nikajaribu zote mbili, sikuona kitu.

Pia ujue jina zuri kwenye pampu halimaanishi okteni kubwa. Zingine ni petroli ile ile imeongezwa sabuni ya kusafisha nozeli. Si mbaya, lakini si okteni. Soma namba, usisome rangi ya pampu.

Rubani wa Ardhini

Kuna jamaa zangu wanachanganya na mafuta ya ndege ndogo, yale ya 100. Gari inapaa.

Spana 17

Yale yana risasi ndani yake. Yanaua sensa ya oksijeni na yanaziba masega. Sensa ikifa, kompyuta inabaki kukisia, na ikikisia inamwaga mafuta mengi ili isiunguze injini. Yaani anatafuta kilomita halafu anazitupa. Usimpoteze mwenzio.

Na masega usitoe, mkuu. Masega yaliyoziba yanakula mafuta na nguvu, ndiyo, lakini hayo unayapima kwanza. Masega mazima ukiyatoa hupati hata nusu kilomita, unabaki na kelele na taa ya injini kwenye dashibodi.

Kijana wa Tegeta

Na ile chupa ya okteni? Nyuma imeandikwa inaongeza pointi 30!

Houston Mbezi

Hapo ndipo wanapowapigia. Kwenye hizo chupa pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya okteni. Pointi 30 ni okteni 3, tena ukifuata kipimo chao mpaka mwisho, na chupa nyingi wala hazifiki hapo. Nyingine zina manganizi, utakuta plagi zimepakwa wekundu kama kutu.

Na mkitazama video za huku Marekani muwe macho na namba. Pampu za huku zinaandika wastani wa vipimo viwili, RON na kingine kilicho chini yake. Kwa hiyo 87 ya huku ni kama RON 91 au 92 ya kwenu, na 93 ya huku ni kama 98. Kuna mtu aliniuliza kwa nini Wamarekani wanatembelea 87 na magari hayafi. Ni hivyo tu, kipimo tofauti.

Mswahili wa Ruwi

Nawapata kutoka Maskati. Huku tunachagua 91 au 95 kwenye pampu, na tofauti ya bei ni baisa kumi tu kwa lita, kwa hiyo mwenye Swift Sport hana la kufikiri, anaweka 95 anaondoka. Nilikuwa nayo hiyo gari, ya oto. Tena oto yake ina gia nne tu, shukuru una manyuo. Barabara kuu ya kwenda Nizwa, mwendo wa 110 na kiyoyozi kinavuma, ilinipa 12 na kitu. Hata ya kwako ukiwa gia ya tano kwenye 100, mshale wa mizunguko ya injini unapita elfu tatu. Gia zake ni fupi makusudi, haikutengenezwa kwa ubahili.

Mzee wa Ubungo

Nimesoma yote, sasa nizungumzie gesi maana kila mtu anaikwepa.

Mimi nimefunga CNG, yaani gesi asilia iliyogandamizwa, kwenye IST. Mara ya mwisho kujaza kilo ilikuwa shilingi 1,550, na kilo moja ya gesi ina nguvu ya kama lita moja na nusu ya petroli. Piga hesabu mwenyewe. Kwa okteni wala usiulize, methani, ndiyo gesi yenyewe hiyo, inapita 120, injini yako ya mgandamizo mkubwa itaifurahia kuliko hata haioku ya Japani. Hapo shemeji yako hajakosea.

Lakini nikueleze upande ambao mafundi wa kufunga hawakuelezi. Gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, kwa hiyo nguvu inapungua, weka asilimia kumi. Swift Sport isiyo na zile nguvu zake ni Swift ya kawaida yenye viti vizuri. Mtungi wa lita 60 unabeba kilo kama kumi, na buti ya gari yako ilikuwa ndogo tangu kiwandani. Mtungi ukikaa, begi likae kwa abiria. Uzito wote uko nyuma, kona hutazikata ulivyozoea. Kufunga kunakaribia milioni mbili, na kwa kilomita zako za kwenda kazini inarudi, sikatai, ila foleni ya gesi nayo ina bei. Kuna siku nakaa kwenye mstari mpaka nasahau nilikuwa naenda wapi.

Ukiwa na bajaji au teksi, funga jana. Kwa gari uliyoinunua kwa mapenzi, mimi ningetengeneza kwanza. Na usifunge gesi juu ya injini yenye hitilafu, utahamisha tatizo tu, na hakuna fundi wa gesi atakayekubali ni lake.

Dalali Mstaafu

Bado nasema Passo.

Kijana wa Tegeta

MREJESHO.

Wakuu, nimefanya mlivyosema. Nilichomeka kile kifaa, nikaelekea Bagamoyo asubuhi mapema barabara ikiwa wazi. Joto likacheza kati ya 64 na 71, halikupanda zaidi. Nikamrudia fundi, akafungua mbele yangu: nyumba ya thamostati ipo, ndani hakuna kitu. Akaguna tu.

Nimenunua ya M16A, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na ushee. Nikabadilisha kulanti (maji ya kupoozea injini) na kupima feni, inafanya kazi. Rejeta iliziba upande mmoja, imesafishwa, nadhani ndiyo iliyochemsha gari kwa mwenye nayo wa kwanza. Oili sasa 5W-30. Tairi za nyuma zilikuwa na upepo chini kuliko namba iliyoandikwa mlangoni, nimejaza. Petroli ni ile ile ya kawaida, chupa sijaweka.

Njia ile ile, pampu ile ile, imetoa 10.8 kwa lita. Rimu bado ni za 17, natafuta za 16.

Spana 17

Safi. Plagi hujazigusa. Zitoe uziangalie rangi: kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye masizi ni mabaki ya enzi za kumwaga, weka mpya za iridiamu. Za kweli, siyo za boksi zuri. Na futa kumbukumbu ya kompyuta, ilishazoea maisha ya baridi. Kwa foleni ya Mwenge ukipata 11 na nusu, acha kutafuta. Takwimu rasmi za Ulaya za gari hiyo ni lita 7 na kidogo kwa kilomita 100, mjini na nje vikichanganywa. Hiyo ni kama 14, na wao hawana Mwenge.

Mama Runx

Ukienda Morogoro utupe namba. Mwendo wa 80 na hofu ya tochi za trafiki, utashangaa.

Thika Road

Na zile rimu za 17 ukizitoa, unauza pesa ngapi?

Kijana wa Tegeta

Njoo inbox mkuu.