Mafunzo ya awali ya askari magereza: nijiandaeje?

Kuruta:
Wakubwa zangu, shikamooni. Nimechaguliwa kujiunga na mafunzo ya awali ya uaskari magereza. Gwaride halinitishi, ninachohofia ni kuingia peke yangu katikati ya wafungwa wengi. Nijiandaeje?

Mstaafu:
Marahaba, kijana. Usitegemee silaha, kwa sababu Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka askari anayekutana na wafungwa ana kwa ana asibebe silaha isipokuwa katika hali maalumu. Kitakacholinda usalama wako ni kuwajua watu wako. Asubuhi wanapochuchumaa kuhesabiwa, usiangalie idadi pekee: angalia nani amehama mstari, nani hakugusa uji wake jana, na kwa nini selo iliyozoea kelele leo imenyamaza. Hesabu isipolingana, rudia kabla lango halijafunguliwa, hata kama unaharakishwa.

Afande Mama:
Naongezea kwamba usipokee chochote kutoka kwa mfungwa, hata kipande cha sabuni, maana kesho atakudai fadhila. Mfungwa wa kike apekuliwe na askari wa kike. Ukilazimika kutumia nguvu, isizidi kiasi kinachohitajika, na umjulishe mkuu wa gereza mara moja.

Kuruta:
Ahsanteni sana. Je, mfungwa akinitukana mbele ya wenzake?

Mstaafu:
Usimrudishie tusi. Shughulikia kosa kwa taratibu za nidhamu, kisha, akishatulia, mwite kwa jina lake umuulize kinachomsumbua. Mara nyingi utakuta amepokea habari mbaya kutoka nyumbani.