Watoto 58, wazazi 7: nifanye nini ili wazazi wafike masomo, yaani shuleni?

MwalimuWaKatuba
Jambo yenu wote. Nafundisha la tano kwenye shule moja ya msingi ya serikali hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo. Kalasi yangu ina watoto 58. Jumatano iliyopita niliita wazazi saa nne asubuhi tuongee juu ya pointi za trimesta ya kwanza. Karatasi zote 58 niliziandika kwa mkono. Walikuja saba. Kati yao mmoja ni dada ya mtoto, yeye mwenyewe mwanafunzi, na mwingine alikimbia kuja akidhani mwanawe amepigana.

Mkutano wenyewe si ndiyo unaniuma sana. Nina mtoto mmoja mwenye akili ya hesabu kuliko wote, lakini kwa juma anakuja siku tatu. Nikimwuliza anasema alikuwa anachunga mtoto. Buletini yake ya pointi inarudi ina sahihi ya mama, na ukiiangalia vizuri ile "m" ni yake mwenyewe, naijua kwenye kaye (daftari) zake. Mwakani wanaingia la sita, ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, inawangoja. Nawaombeni ushauri, hasa ninyi wazazi. Kwa nini hamuji?

MamaMakala
Mwalimu, usikasirike nikikuambia ukweli. Kwetu karatasi ya masomo maana yake pesa. Mwaka 2019 walipotangaza shule ya msingi ya serikali ni bure, tulicheza ngoma. Karatasi hazikuacha kuja. Leo ya mlinzi, kesho ya madawati, keshokutwa ya simenti. Nikienda, mtu anasimama mbele anasoma majina ya ambao hawajatoa, na jirani zangu wamekaa pale wananiangalia. Nikafuate nini?

Halafu saa nne asubuhi! Hiyo ndiyo saa wateja wa makala wanakuja. Nikifunga meza saa nne, jioni nyumbani hakuna bukari (ugali).

Kalubwe_Boy
Mama, na kilio je? Kilio kikitokea avenue ya tatu mnafunga meza wote, mnalala huko siku mbili. Wazazi wa siku hizi mmeachia mwalimu kila kitu, basi.

MamaMakala
Kwenye kilio wananipa kiti, na wananiambia asante kwa kuja.

MzeeWaGCM
Wanangu, mimi ni mtu wa zamani kidogo. Tulilelewa kwenye kambi ya kampuni ya migodi, Gécamines. Shule ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, hata unga wa posho ulitoka huko. Baba yangu hakukanyaga kalasi yangu hata mara moja, na hakuna aliyemlaumu. Masomo yalikuwa kama treni: unapandisha mtoto, anashuka na diploma. Kisha mwaka 2003 ikaja departi volonteri (kuacha kazi kwa hiari), watu zaidi ya elfu kumi wakatoka Gécamines, na watoto wao wakabaki mikononi mwa wazazi ambao hawakuwahi kuona mzazi akifuatilia masomo. Tungejifunzia wapi? Simtetei mtu. Lakini Kalubwe_Boy, usidhani ni uvivu tu.

(Na ile shule yetu ilikuwa na bustani. Maua! Siku hizi ni vumbi tu.)

NeemaRuashi
Kuna kitu hakijasemwa hapa. Aibu ya Kifaransa. Mimi niliishia la nne. Mwanangu akileta devuari (kazi ya nyumbani) nilikuwa namwambia "nimechoka, ngoja baba yako," na baba yake pia anamwambia ngoja kesho. Nilikuwa naogopa mtoto ajue kwamba siwezi kusoma kaye yake.

Mwalimu mmoja, Mungu ambariki, alinishika kando akaniambia: Mama, sikuombi ufundishe. Kila jioni mwambie akusimulie kwa Kiswahili alichojifunza. Akikwama, ujue hapo hajaelewa. Fungua kaye, angalia tarehe: iko ya leo? Angalia bic nyekundu ya mwalimu: ni nyingi kuliko jana? Kwa hayo hauna haja ya Kifaransa. Nikaanza. Siku ya kwanza mtoto alinisimulia habari ya mmea unavyokunywa maji kwa mizizi, nikamwambia hiyo mimi naijua, nimelima mihogo kwa mama yangu. Tuliongea mpaka mwanga ukakatika, tukaendelea gizani.

Sasa mwalimu, kwenye mkutano wako uliongea lugha gani?

MwalimuWaKatuba
Yaya Neema, umenishika. Niliongea Kifaransa. Sijui hata kwa nini, wale saba wote tunasalimiana kwa Kiswahili kila siku barabarani.

DadaWaKomite
Mimi niko kwenye komite ya wazazi (COPA) ya shule nyingine, si Katuba. Nitakuwa mkali kidogo. Watu wengi wanafikiri COPA ni watu wa direkta (mkuu wa shule) wa kukusanya pesa. Na kweli kuna mahali imekuwa hivyo. Lakini sheria ya elimu ya Februari 2014 inampa mzazi nafasi kwenye uendeshaji wa shule, na Katiba, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi kwenye shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Kwa hiyo mzazi akiulizwa pesa ana haki ya kuuliza: ya nini, nani ameamua, hesabu iko wapi. Huyo anayeuliza hesabu, mwalimu, usimwogope. Ndiye anayeifuatilia shule kuliko wote.

Kwetu tulichagua mama mmoja kwa kila avenue. Mtoto akikosa siku mbili, mwalimu anamwambia yule mama, naye anapita jioni kusalimia, kama jirani, bila karatasi.

PapaMapacha
Niko Kolwezi kwa kazi, mapacha wangu wako Lubumbashi. Mimi ndiyo wale "baba hayupo." Mwalimu wao ananitumia odio (ujumbe wa sauti) ya dakika moja kila Ijumaa: huyu amesoma vizuri, huyu kaye ya jeografia imepotea. Jioni napiga simu nauliza, "Kaye ya jeografia iko wapi?" Mtoto anashangaa, baba amejuaje huku kote! Megabaiti za odio hazishindi bei ya mkate.

Na jambo moja. Mara ya kwanza alinitumia habari njema tu. Kama angeanza na mabaya ningemkatia.

MwalimuWaKatuba
Narudi baada ya majuma matatu, niwape habari.

Nilibadilisha siku: Jumapili saa tano, watu wakitoka misa. Sikuandika karatasi. Nilimwambia kila mtoto achague kaye moja anayojivunia, amwambie mzazi wake aje kuiona. Nikaongea Kiswahili. Mara mbili ulimi ulikimbilia Kifaransa, akina mama wakanicheka, ikasaidia. Walikuja 34. Hakuna jina lililosomwa.

Yule mtoto wa hesabu: nilienda kwao. Mama yake anafanya biashara Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anaondoka alfajiri Jumanne na Alhamisi, anarudi usiku. Mtoto mchanga anabaki na nani? Mama hakuwa na jeuri, hakuwa mzembe, alikuwa hana mtu. Hata hakujua kwamba siku alizokosa mwanawe zilifika kumi na nane, kwa sababu buletini hakuwahi kuiona. Hiyo ya sahihi nilinyamaza kwanza. Mtoto mwenyewe aliisema mbele yetu, analia. Jirani wa avenue yao alikuwa kwenye ule mkutano. Amekubali kukaa na mchanga siku hizo mbili, na mama atamletea unga wa bei ya Kasumbalesa. Juma hili mtoto amekuja siku zote.

Swali langu jipya. Direkta aliona watu wamejaa, akafurahi. Ananiomba mkutano ujao nimpe dakika tano tu, aongee juu ya simenti ya choo. Choo ni kibovu kweli. Nimjibu nini?

MamaMakala
Hata dakika moja usimpe. Mwambie atuandikie karatasi.

DadaWaKomite
Na kwenye hiyo karatasi aweke bei ya mfuko mmoja, idadi ya mifuko, na jina la fundi.